Mashavu ya Kasyoka

Ndunge alinipigia simu Jumapili nikichambua kunde jikoni kwangu hapa Emali, akasema mama yake ametuacha. Mazishi ni Alhamisi, Tseikuru, na familia imekaa ikaonelea nizungumze kwa niaba ya marafiki. "Wewe ndiye uliyemjua zamani zaidi, Mwalimu," akasema. Nikakubali. Ningesemaje? Nikaweka simu chini, nikaendelea na kunde zangu mpaka nikagundua natupa majani mazuri na kuweka vijiti kwenye sufuria. Alhamisi nikawa nimekaa chini ya hema, kwenye kiti cha plastiki, karatasi ya mpangilio wa ibada mkononi, na mahali pa watoto wa marehemu palikuwa na majina manne. La kwanza lilikuwa Marehemu Kasyoka. Hakuna tarehe, hakuna picha, jina tu. Nimesoma majina kwenye rejista zaidi ya miaka thelathini, na lile lilinishinda kulitazama. Nilipoitwa nikashika kipaza sauti nikasema Mwende alikuwa mkarimu, alikuwa mcha Mungu, alinipikia nilipokuwa msichana mgeni asiyejua hata pa kuchota maji. Yote kweli. Watu wakaitikia amina, nikarudi kuketi, na nikajiona mwongo kuliko waongo wote waliokuwa pale, na mazishini huwa hatuwakosi.

Habari za nyumbani kwetu na nani alinizaa ziacheni, hazina kazi hapa. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza shule, sijaenda chuo, nikapewa darasa la tatu katika shule moja ya msingi pembeni mwa Tseikuru, kule kaskazini ambako watu huangalia mbuzi na ng'ombe kuliko shamba. Nilipangishiwa chumba kwenye boma la bibi mmoja tuliyemwita Susu, yaani nyanya, kama anavyoitwa kila bibi kwetu Ukambani. Kuta za matofali ya udongo, paa la mabati, kitanda cha kamba, meza moja ya kusahihishia madaftari. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na jikoni ya Mwende, mke wa mwanawe Susu, na ukuta wenyewe haukufika juu, kwa hiyo kila kitu nilikisikia: kifuniko cha sufuria, Mwende akipuliza moto, Susu akigombana na magoti yake, na mtoto akilia. Mume wa Mwende alikuwa kazini Mombasa. Mwende alinizidi miaka mitatu tu, lakini alikuwa na nyumba na mtoto, na mimi nilikuwa na chaki. Tangu wiki ya kwanza alikataa nijipikie. "Mwalimu atakula peke yake kama mchawi?" alisema. Basi tukala pamoja, isyo ya mahindi na maharagwe, siku nyingine uji mtupu, tumekaa kwenye vigoda vitatu, na Kasyoka mapajani mwa mama yake akinyoosha mkono kuelekea kila kijiko kilichopita. Alikuwa na miezi minne. Alipewa jina hilo, maana yake aliyerudi, kwa sababu kabla yake Mwende alikuwa amepoteza mimba.

Nilikwenda kule na mwasho wangu. Mtu ambaye hajawahi kuwashwa hawezi kuelewa, na hata sasa nikieleza watu hucheka. Maumivu hukuketisha chini, mwasho hukuinua. Ulikuwa ndani ya viwiko, nyuma ya magoti, na shingoni. Nilijikuna mbele ya watoto kwa rula ya ubaoni, mpaka wakawa wananiiga uwanjani wakati wa mapumziko. Kabla sijaripoti kazini nilikuwa nimepita kwa daktari mjini Kitui, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaniambia ni ukurutu, na akanipa tyubu ndogo nyeupe. "Hii ni steroidi, lakini ile ndogo kabisa," alisema. "Paka nyembamba sana, asubuhi na jioni, wiki moja, halafu uache, uendelee na mafuta ya kawaida. Ikirudi, ndiyo upake tena. Na ni yako wewe, usikie." Nikapaka. Siku ya tatu nilikuwa nimekaa nje ya chumba jioni, nikaona mikono yangu imelala mapajani, imetulia, haina kazi yoyote, na nikalia kwa furaha. Sisemi krimu ile ilikuwa sumu. Ninayo hata leo kwenye droo ya kitanda, naitumia ngozi ikichachamaa, siku tano sita, na inanisaidia, namshukuru aliyeitengeneza.

Lakini nani Tseikuru alikuwa na kitu ambacho ni chake mwenyewe? Chumvi ilikuwa ya boma zima. Makaa ya moto yaliombwa asubuhi kwa kigae. Sindano moja ilishona nguo za nyumba sita, na vidonge vya kichwa vilivyobaki kwa mgonjwa mmoja vilipewa mwingine, vimefungwa kwenye kitambaa, bila mtu kuuliza ni vya nini. Kumnyima jirani dawa kulikuwa kumnyima maji. Kwa hiyo Kasyoka alipotokwa na vipele mashavuni, kisha kwenye mikunjo ya mikono na magoti, na mama yake akawa anamfunga soksi mikononi asijichune, mimi nilikuwa nasikiliza upande wa pili wa ukuta na tyubu yangu iko mezani. Susu alikuwa amempaka mafuta ya kondoo, akamwogesha maji ya mshubiri, wapi. Mtoto alijisugua kichwa kwenye kifua cha Mwende mpaka nguo ikawa na damu. Zahanati wakatoa dawa ya pinki ya kupoza, ikakauka juu ya ngozi kama chokaa na mwasho ukabaki palepale. Nikatoka na tyubu mkononi. "Jaribu hii," nikamwambia Mwende. "Mimi imeniponya." Hakuniuliza swali hata moja. Alipaka kwa kidole kimoja, taratibu, akiimba kwa sauti ya chini, na siku ya nne mtoto akalala mchana kutwa, na Mwende akaja chumbani kwangu akanikumbatia nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. "Mwalimu, wewe Mungu alikuleta," alisema. Haki ya Mungu, hakuna sifa niliyowahi kupewa ikanipendeza kama ile. Nilikuwa msichana nisiye na cheti, nafundisha kwa kubahatisha, na hapo mtu ananiambia nimeletwa na Mungu.

Tyubu ikaisha. Ngozi ya mtoto ikaanza kuwasha tena, kidogo tu, na ningeweza kusema twende kwa daktari. Sikusema. Mwisho wa mwezi nilipanda lori hadi Mwingi kuchukua mshahara, nikaingia duka la dawa, wakaniambia ile yangu haipo. Sokoni palikuwa na mwanamume ameweka vitu juu ya gunia: sabuni za urembo, wembe, mafuta ya nywele, na tyubu za krimu za kila rangi. Nikamweleza. Akachukua moja akaigeuzageuza. "Hii ni ukoo mmoja na hiyo yako, madam, lakini hii ni kali. Ile yako ni maji. Hii, siku moja tu." Ndani ya kijisanduku palikuwa na karatasi imekunjwa mara nyingi, herufi ndogo kama mayai ya chawa, na nilikuwa na safari ndefu, nikaisoma yote. Nasema tena, niliisoma. Iliandikwa kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipakwe, na mtu mzima asiipake kwa muda mrefu wala sehemu kubwa ya mwili. Nikafikiri hawa wenye viwanda huandika hivyo kujilinda tu, hata kwenye dawa ya kikohozi huandika. Nikafikiri kali ni nzuri. Mtu anataka jembe butu? Nikaikunja ile karatasi nikaiweka ndani ya kitabu cha hesabu, na nilipofika nikampa Mwende tyubu peke yake. Nilinunua mbili, na mwezi uliofuata nikanunua nyingine mbili.

Mwende alipaka asubuhi na jioni, mwili mzima, maana alifikiri kinga ni bora, na kwenye matako ya mtoto alipaka kisha akafunga nepi na juu yake nailoni, isichafue mgongo wa mtu anayembeba. Ngozi ikawa laini, inang'aa. Na Kasyoka akaanza kunona. Lazima nieleze mwaka ule ulivyokuwa ndipo uone ujinga wetu. Mvua za Machi hazikuja. Ng'ombe walikuwa wanaanguka njiani na watu wanawapita. Darasani kwangu watoto walisinzia saa nne asubuhi, na nikajifunza kutowaamsha. Tuliishi kwa mwolyo, chakula cha serikali, yale mahindi ya njano yaliyonuka gunia. Watoto wa kijiji walikuwa na shingo kama za kuku. Na katikati ya hayo yote, mtoto wa Mwende ana mashavu! Mashavu mawili ya duara, mekundu kidogo, yamejaa mpaka macho yanakuwa madogo, na shingo haionekani. Wanawake walisimama njiani kumshika. "Woi! Unamlisha nini huyu?" "Ni maziwa tu, na Mungu," Mwende alijibu, na alikuwa anasema ukweli wake. Wengine walisema kwa sauti ya chini kwamba ana jamaa kwa chifu anayempa mwolyo mara mbili. Niliyasikia hayo kwenye foleni ya maji, mtoni tulikochimba mchanga, na nikawakemea.

Kanisani ilikuwa kubwa zaidi. Jumapili moja mchungaji aliita mama na mtoto mbele, akamchukua Kasyoka akamwinua juu kwa mikono miwili, watu wote wamwone. "Angalieni!" akapaza sauti. "Mnasema Mungu ametusahau. Je, huyu amesahauliwa?" Watu wakapiga vigelegele. Mwende alikuwa analia, na mimi nikiwa kwenye benchi la tatu nikajisikia kifua kimepanuka, kwa sababu nilijua kazi ya nani imemtuliza yule mtoto akaweza kunyonya na kulala. Nilijipa sifa kimoyomoyo nyumbani mwa Bwana. Kliniki walimweka kwenye mizani wakaandika uzito, wakasema vizuri sana mama, endelea hivyohivyo. Hata hao siwalaumu, mwaka ambao mizani ilikuwa inapanda kwa mtoto mmoja kati ya wote, wangemwuliza mama yake nini?

Aliyeona ni Susu peke yake. Tulikuwa tunakula mchana, siku ya Jumamosi, amemweka mtoto kati ya miguu yake anajaribu kumkalisha, na mtoto anaangukia upande kila anapoachwa. Miezi minane, na hakai. "Mwende," Susu akasema, "huyu mtoto ana uso, lakini hana mwili." Mwende akacheka. "Susu, watu wote wanamsifu wewe unamtafutia kosa." Susu hakucheka. "Mimi nimelea tisa. Mafuta ya mtoto huanza mapajani, yakapanda. Haya yameanza usoni na tumboni. Shika mguu wake. Mguu ni wa mbuzi aliyekosa nyasi. Na haya manyoya kwenye paji la uso ni ya nini?" Mimi nikaingilia, mwalimu mzima, nikamweleza mama mwenye watoto tisa kwamba kila mtoto ana umbo lake, na kwamba dawa za kisasa zimemwondolea mateso ndiyo maana anastawi. "Haya, Mwalimu. Mimi sikusoma," Susu akasema, akampangusa mtoto midomo. Kila nikikumbuka jibu hilo natamani ningekuwa nimechomwa ulimi na uji.

Kisha krimu ikaisha na haikupatikana. Wanyama walikuwa wamekufa, wenye pesa hawakuwa na pesa, na soko la Mwingi lilikuwa limepungua, yule mwanamume na gunia lake hayupo. Nikarudi mikono mitupu, nikamwambia Mwende tungoje mwezi ujao. Siku ya tatu ngozi ya mtoto ikalipuka, nyekundu yote, kama ameunguzwa na maji moto. Hilo tulilitarajia. Hatukutarajia kwamba angekataa kunyonya, kwamba angetapika kidogo alichokunywa, kwamba angekuwa mlegevu, macho nusu wazi, hata kujikuna hajikuni. Ijumaa alikuwa na joto kidogo na mafua, kama watoto wote wa kijiji wiki ile. Na Jumamosi ilikuwa siku ya mwolyo. Ilibidi kila mwenye jina aende mwenyewe kwa chifu, hata Susu na magoti yake, maana usipoonekana jina lako linaruka mpaka mwezi mwingine, na ndani hamkuwa na hata konzi moja ya mahindi. Mwende alisimama mlangoni na gunia tupu limekunjwa kwapani, anaangalia mtoto kitandani pangu. "Nimbebe?" akauliza. Kule kwa chifu ni jua na vumbi na kusukumana. "Mwache," nikamwambia. "Amelala. Mimi niko." Akarudi akamwinamia, akajaribu mara ya mwisho kumpa titi, mtoto akageuza uso. "Nitakuja mbio," akasema.

Saa sita mchana nilimgusa nikaona mikono yake ni baridi, na lile joto la jana limetoweka kabisa. Nikafurahi, mjinga mimi, nikidhani homa imeisha. Halafu nikaona anavyopumua. Nikamfunga mgongoni nikakimbia zahanati, si mbali, lakini barabara ya mchanga inakuvuta miguu. Mhudumu alikuwepo, mtu mzima mwenye upole, akampima, akasema ni malaria imepanda, akamchoma sindano, akamtilia maji ya sukari mdomoni kwa kijiko. Maji yakatoka pembeni. Tulikaa kwenye benchi la mbao chini ya dirisha, mimi nimemshika, mhudumu anamsugua miguu, na yale mashavu makubwa yalikuwa yamebadilika rangi. Nilimwita jina lake. Nilimwita tena na tena, kama mtu anayeita mtoto aliyeko mbali uwanjani. Mhudumu akaweka mkono wake juu ya mkono wangu akasema, "Basi, Mwalimu. Basi."

Mwende tulikutana naye njiani akirudi, ana mahindi kichwani, amemwacha Susu nyuma akija polepole. Sehemu ya mbele ya nguo yake ilikuwa imelowa. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Maziwa yalinitoka yenyewe kwenye foleni. Nikawaambia wanawake, mtoto wangu ananiita." Nikamgeuzia mgongo wangu aone. Gunia lilianguka likapasuka, mahindi yakamwagika mchangani, na yeye hakupiga kelele, alikaa tu chini kati ya yale mahindi akinyoosha mikono. Tulimzika Kasyoka siku iliyofuata nyuma ya boma. Nilikuwa chumbani nikisikia wanawake jikoni kupitia ule ukuta. "Mtoto mnono namna ile anakufaje?" "Ni jicho. Mchungaji angemwinulia nini mbele ya watu?" "Jicho gani? Mama anamwacha mgonjwa anakimbilia mahindi." Na sauti ya Mwende, katikati yao, kavu: "Ni kweli. Nilimwacha. Ningekuwa naye angenyonya." Hakuna aliyemkatalia. Wiki ile tuliokota yale mahindi, tukayaosha mchanga, tukayapika. Mwende aliniwekea sahani yangu kama siku zote. Yeye hakula mahindi ya njano tena maisha yake yote. Mimi nilikula.

Nilidhani ni malaria. Mniamini au msiamini, kwa miaka tisa nilidhani hivyo, na ile karatasi ndani ya kitabu cha hesabu nilikuwa nimeisahau. Nilikwenda chuo mwaka uliofuata, nikaajiriwa huku Makueni, nikaolewa Emali, nikapata kijana wangu, naye akarithi ngozi yangu. Nikampeleka kwa daktari kijana tuliyemwona Makindu, akaniandikia ile tyubu ndogo, haidrokotisoni, siku chache, nyembamba. Nikamwuliza, kwa ujuaji wangu, kwa nini asinipe ile kali ipone mara moja. Akaweka kalamu chini. Akaniambia ngozi ya mtoto mchanga hunywa dawa, na ukifunika nailoni hunywa zaidi. Kwamba ile kali, ikipakwa miezi, huingia mwilini, na mwili una steroidi yake wenyewe unayoitengeneza kila siku ya kuishi, basi ukiona imejaa kutoka nje, unaacha kutengeneza. "Mtoto anafura uso, mama anafikiri amenona," akasema. "Halafu krimu inaisha siku moja, ghafla, mwili hauna kitu, na akipata hata mafua madogo..." Akaniuliza kama naumwa. Nilimpa daktari mtoto wangu amshike, nikatoka nje, nikatapika kando ya ukuta wa zahanati mbele ya watu.

Ndipo kosa langu la pili likaanza, na hili sina ujana wa kulisingizia. Kila Desemba shule zikifungwa nilikwenda Tseikuru kumwona Mwende. Nilibeba sukari, majani ya chai, leso. Alikuwa na watoto wengine kufikia hapo, wa kwanza Ndunge, na alinichinjia kuku kila mara, tukakaa kwenye vigoda, na kabla ya kula alisema sala, na katika sala alimtaja Kasyoka na kuomba asamehewe. Kila mwaka. "Bwana, unisamehe ile siku." Halafu alinigeukia: "Lakini nashukuru hakuwa peke yake. Alikuwa na wewe." Ningefungua mdomo. Ningesema, Mwende, maziwa yako hayangemwokoa, na foleni haikumwua, ni mimi nilileta kitu na nilikuwa nimeonywa kwa maandishi. Maneno machache tu. Nikajipa sababu: mwaka huu amelazwa, mwaka huu Susu amefariki, mwaka huu ana furaha nisimharibie. Ukweli ni kwamba nilipenda kuitwa niliyeletwa na Mungu. Ningesema, ni nani angenichinjia kuku? Nikala kuku wa yule mama zaidi ya miaka ishirini akibeba mzigo wangu mbele ya macho yangu.

Basi Alhamisi, baada ya kaburi kufunikwa, nilimfuata Ndunge nyuma ya nyumba walikokuwa wanapakua chakula. Ni mama mtu mzima sasa, ana duka la mbegu palepale Tseikuru, ameanza kuota mvi kama mama yake alivyoota mapema. Nikamwambia nina neno. Akafuta mikono kwenye leso, tukasimama kando ya tangi la maji, na nikalisema lote, krimu yangu ya kwanza, ya pili, karatasi, mashavu, daktari wa Makindu. Sikulia. Niliona sina haki ya kulia mbele yake. Alisikiliza mpaka mwisho, anaangalia miguu yangu.

"Kwa hivyo haikuwa kumwacha," akasema.

"Haikuwa. Hata angekaa naye siku nzima."

"Na wewe umejua tangu lini?"

Nikamwambia. Akahesabu kimya, nikaona midomo yake ikisogea.

"Mimi nilianza darasa la kwanza nikiwa na miaka tisa," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenieleza bei ya mbegu. "Mama hakutaka nitoke machoni pake. Nilipoanza, alikuja akakaa nje ya dirisha la darasa na kiondo chake, anasuka, kila siku, mwaka mzima. Watoto walinicheka mpaka nikazoea. Shambani niko naye, sokoni niko naye, hata chooni anasimama nje ananiita jina niitikie. Nilipopita mtihani nikaitwa shule ya bweni Kitui, alichukua ile barua akailaza chini ya godoro lake. Akaniambia kuna mmoja alimwacha nusu siku tu. Ningemlazimishaje? Nikabaki. Nikaolewa hapa karibu, aweze kuniona."

Kuna mtu alimwita kutoka jikoni, akajibu anakuja.

"Na kila Desemba ulikuwa unakuja, Mwalimu. Unakaa hapo na mama, unaniuliza mbele yake kwa nini msichana mwerevu kama mimi alikataa shule."

Nilikumbuka. Niliuliza kila mwaka.